Kinga ya Radi

Habari za kifo cha Bi Tausi zilinikuta mchana nikiwa hapa Dodoma, nimekaa kibarazani nachambua mchele. Aliyenipigia ni Hamisi, mtoto wa jirani yake wa zamani kule Rusimbi, Kigoma, siku hizi mtu mzima mwenye mvi na sauti ya baba yake. Nikaitikia innalillahi pamoja naye, ingawa mimi ni Mkatoliki, na kabla sijauliza wanazika lini nikajikuta nimeinua macho kuangalia mawingu. Hapakuwa na wingu lolote. Na simu niliyoshika haina waya hata mmoja, jambo ninalolijua kuliko watu wengi, maana nimekula mshahara wa simu mpaka nikastaafu. Lakini mwili haukusoma chuo nilichosoma mimi. Likitanda wingu naiweka simu juu ya kabati na kukaa mbali nayo, na wajukuu wanacheka kwamba bibi anaogopa mtandao. Wacheke tu. Mwaka ule wao hawakuwepo.

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi nilipopangiwa Kigoma. Enzi hizo simu ilikuwa ni waya: unatoka kwenye mitambo mjini, unapita juu ya nguzo, unaishia ukutani kwa mtu, na mtu mwenyewe awe amesubiri zamu yake mpaka amesahau kwamba aliomba. Mkuu wangu wa kazi, Mzee Lazaro, Mnyakyusa aliyekaa Kigoma mpaka akawa anagombana na watu kwa Kiha, ndiye aliyenitafutia chumba kwa Bi Tausi. Alikuwa mjane anayeuza mawese kwa jumla, mwanamke mnene wa mwendo wa polepole na ulimi wa haraka. Chumba changu kilitengwa na stoo yake kwa ukuta usiofika darini, kwa hiyo nililala na harufu ya mawese na kuamka na mazungumzo ya wateja. Kupitia ukuta ule niliijua Kigoma yote: nani kapata, nani kakosa, nani kaoa mke wa pili Ilagala akamficha. Tulikula ukumbini, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, vidole vikabaki vya njano hadi kesho yake, na Bi Tausi alinitazama nikihangaika na miba akasema, "Kula taratibu, fundi. Huyo samaki ameshakufa, hakimbii."

Laini yake ilipofikishwa mtaani, Mzee Lazaro aliniachia niifunge mwenyewe. Nieleze kidogo, maana yote yaliyofuata yalianzia hapo. Waya wa nguzoni hauingii moja kwa moja ndani ya nyumba. Unafikia kwanza kwenye kisanduku kidogo cha kijivu kinachofungwa ukutani kwa nje, na ndani ya kisanduku hicho mna vidude viwili vidogo kuliko ncha ya kidole. Radi ikipiga laini, vidude vile vinaigeuza njia: badala ya kuingia ndani kwa watu inashuka kwa waya wa kijani mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini ya ukuta. Fimbo ile mafundi tunaiita ethi, na bila ethi kisanduku kinakuwa pambo tu. Udongo wa pale ulikuwa mkavu wenye kokoto, haupokei umeme vizuri, kwa hiyo nikafanya tulivyofundishwa. Nikachimba shimo kuizunguka fimbo, nikatia mkaa uliopondwa, nikatia chumvi ya mawe, nikatia mkaa tena, nikamwagia maji, nikafukia. Nilifanya hayo mchana kweupe, nimechuchumaa kwenye kona ya nyumba ya mtu na kanga kiunoni juu ya suruali ya kazi, na wapita njia nikawaona wanapunguza mwendo. Bi Tausi alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi," akasema, "hiyo ni simu au unanipikia?" Nikacheka mpaka nikaangusha koleo. Mimi ni mtu wa kuja. Sikujua kwamba katika mtaa ule anayefukia chumvi na mkaa kwenye kona ya nyumba ni mtu wa kazi moja tu, na kazi hiyo siyo simu.

Simu yenyewe iliwekwa sebuleni juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, na Bi Tausi akaipenda kuliko redio. Alikuwa na sababu. Binti yake wa pekee, Mwajuma, aliolewa Tabora, alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Mama huyu alikuwa akipita tu karibu na meza anainua mkono wa simu, anausikiliza, anaurudisha. Nikimuuliza anampigia nani ananijibu, "Simpigii mtu. Nasikiliza kama ipo hai." Hilo neno lilinifurahisha wakati ule.

Mvua za Kigoma hutoka ng'ambo. Unaona milima ya Kongo inafutika, ziwa linabadilika rangi, halafu upepo unakuja na harufu ya samaki na vumbi kwa pamoja, na kila mama anaita watoto wake kwa majina. Kule radi si habari ya kusoma gazetini. Kila mtaa una mtu wake aliyechukuliwa. Wazee wa Kiha waliiita inkuba, na waliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mkwe. Alasiri moja ilimpiga mama yake Baba Hamisi, jirani yetu seremala, akiwa jikoni kwake anapuliza moto, hatua chache kutoka ukuta wetu. Nilikuwa sebuleni. Nuru ilikuwa nyeupe kiasi kwamba niliona mifupa ya mkono wangu, au nilidhani nimeiona. Simu yetu ililia mara moja, ting, mlio mfupi, ikanyamaza. Hatukupata hata mkwaruzo. Kwa jirani wakaanza kulia.

Msibani nilikaa nyuma ya nyumba na kina mama tunamenya vitunguu, na upande wa pili wa uzio wa mabati wanawake wawili walikuwa wanaosha masufuria. Hawakujua nipo.

"Ile radi ilikuwa ya Tausi," mmoja alisema. "Imefika pale, imekuta pamefungwa."

"Nani kafunga?"

"Si yule msichana wa simu. Kafukia vitu kwenye kona, nimemwona kwa macho yangu haya. Mkaa, na chumvi kama ya kupikia shughuli."

"Sasa wakiifungia kwa Tausi, iende wapi?"

"Ndiyo ikaenda kwa bibi wa watu."

Niliendelea kumenya kitunguu kilekile mpaka kikaisha mkononi. Niliogopa, na sitaki kulipamba neno hilo. Kilichonitisha zaidi ni kwamba maelezo yao yalifanana sana na ya kitabu changu cha chuoni. Radi imekuja, imekuta kizuizi, imegeuzwa njia: hayo yote ndiyo niliyofundishwa. Walikosea mahali pamoja tu, pale inapopelekwa, na mahali hapo pamoja palitosha kunifanya muuaji. Nilipomweleza Bi Tausi akasema, "Watu wakilia husema. Wakimaliza kulia wataacha." Lakini wateja wa mawese walianza kupungua, na wale waliokuja walikuwa wanazungukia upande mwingine wa nyumba wasipite kwenye ile kona. Baba Hamisi, aliyekuwa akinisalimu kila asubuhi "Mwakeye, fundi", akawa akiniona anaingia ndani kwake.

Halafu wakaja watu wa kufukua. Kigoma wanaitwa kamchape: wanaitwa mtaani, wanapita nyumba kwa nyumba wakinusa uchawi, na wanapochimba huwa hawakosi kitu. Walikuja na ngoma, na nyuma yao mtaa mzima, na wakazunguka nyumba tatu nne kwa heshima tu kabla hawajaja kule walikokuwa wanakuja. Kiongozi wao alikuwa kijana wa umri wangu, amejipaka unga usoni, mpole wa kuongea. Alipiga jembe kwenye kona ya Bi Tausi. Ukatoka mkaa. Ikatoka chumvi, imeganda mabonge. Kisha akaishika fimbo ya shaba na wenzake wakaitikisa mpaka ikang'oka, ndefu kuliko mtu, inang'aa wekundu, na waya wa kijani ukiwa umeifuata kutoka ukutani. Watu walirudi nyuma. Nikiwatazama leo kwa macho ya akili sipati la kuwalaumu. Hata mimi, kama nisingekuwa nimeifukia, ningerudi nyuma.

Yule kijana akaninyooshea ile fimbo. "Dada, hiki ni cha nani?"

"Cha simu."

"Simu siyo mtu. Hiki ni nini? Kinaitwaje?"

Nikajibu kama ilivyoandikwa kwenye vitabu na kwenye karatasi zote za kazi, jina lake halisi, kwa Kiswahili sanifu. "Ni kinga ya radi."

Hapakuwa na kelele. Ndilo jambo ambalo sijawahi kuweza kumwelewesha mtu yeyote: hawakupiga kelele, walinyamaza, kwa sababu nimekiri. Kinga ni kinga. Neno ninalotumia mimi kazini ndilo analotumia mganga kwake, hakuna jingine, na nilikuwa nimelisema mbele ya mtaa mzima na mbele ya mtu aliyezika mama yake. Baba Hamisi alikaa chini kwenye mchanga. Mtu mmoja akasema polepole, "Basi amesema mwenyewe." Niliona mkono unaokota jiwe, bila haraka. Bi Tausi akatoka, akasimama mbele yangu na upana wake wote, akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao na mawese waliyokopa, na alipokuwa bado anataja, Mzee Lazaro, aliyeitwa na sijui nani, akafika na gari la kazini. Nilipanda nikiwa miguu mitupu. Kamchape waliondoka na ile fimbo.

Nikalala kwa mke wa Mzee Lazaro, mjini, nimekatazwa kukanyaga Rusimbi. Bi Tausi alikataa kuondoka kwake. Mimi kichwani nilikuwa na jambo moja ambalo watu wote wa mtaa ule hawakulijua: laini ilikuwa bado imefungwa, na ethi haipo. Nyumba ile sasa ilikuwa na waya mrefu unaokwenda kuita radi barabarani na kuileta mpaka kwenye meza ya sebuleni, mpaka sikioni. Mzee Lazaro alisema atatuma fundi mwingine mambo yakipoa. Mafundi wengine walisema wazi kwamba hawaendi. Sikuwa na hamu ya kula. Mke wa Mzee alipika samaki wa kuhe kwa nazi, chakula ambacho siku nyingine ningelamba sahani, nikawa nakizungusha tu. Kila ngurumo ya mbali nilikuwa naacha kuongea katikati.

Asubuhi moja Bi Tausi akapiga simu ofisini kunitafuta. Alikuwa anahema. "Mwanangu, Mwajuma amepelekwa hospitali tangu alfajiri. Mumewe kasema atapiga. Mimi sitoki hapa kwenye simu."

Nikamwambia, "Mama, ikianza kunguruma usiishike. Hata ikilia. Nakuomba."

"Fundi, wewe hujazaa," akasema, na akakata.

Baada ya saa sita milima ya Kongo ikafutika. Nilisimama dirishani ofisini nikaona ziwa linavyogeuka rangi ya risasi. Nilikwenda kwenye mashine kumpigia nimkumbushe, nikainua mkono wa simu, nikaurudisha kama umeniunguza. Njia ya pekee ya kumwambia asishike simu ilikuwa kumpigia, na nikimpigia ataishika. Hapakuwa na jirani mwenye simu. Kumkatia pale kwenye mitambo nako hakusaidii: ningefanya simu yake iwe bubu, naye angekuwa anainua kila dakika kusikiliza kama ipo hai, huku waya ukiwa juu ya nguzo vilevile. Ilibidi utenganishwe ukutani kwake. Nikamwambia Mzee Lazaro. "Watakuua," alisema. Nikasema najua. Naye, Mungu amrehemu, akachukua ufunguo wa gari.

Alinishusha barabarani, nikakimbia na koleo la kukatia waya na bisibisi mkononi. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi. Mtaa ulikuwa umefunga milango, isipokuwa Baba Hamisi, aliyekuwa chini ya upenu wake akikusanya mbao zisilowe. Akaniona. Akatoka mvuani akasimama kati yangu na ile kona, na mkononi alikuwa na randa.

"Umefuata nini?"

Ningeweza kumweleza habari za shaba na umeme na waya. Nilikuwa nayo yote kichwani. Lakini nilikuwa nimeshajua maneno yangu yanavyosikika upande ule wa ukuta. Nikasema, "Nimekuja kufungua."

"Unafungua ulichofunga?"

"Ndiyo, baba. Nimekuja kukifungua."

Hakuna uongo katika maneno hayo. Kisanduku kinafungwa, kisanduku kinafunguliwa. Akakaa pembeni. Nikafungua skrubu ya kwanza, ya pili ikanidondoka, anga likapasuka juu ya Bangwe na nikapiga kelele, sioni aibu kusema. Mikono yangu ilikuwa kwenye waya uleule niliomkataza mwenzangu. Ndani, kupitia dirisha, nikasikia simu inalia, na nikasikia kiti kinasogezwa.

"Haloo! Ndiyo, ndiyo mimi mama yake. Sema kwa nguvu, baba, mvua. Enhe. Enhe, Mwajuma..."

Nikatia koleo, nikakata waya mmoja, nikakata wa pili.

"...Mwajuma ame nini? Haloo? Ame nini? Baba, haloo? Ame nini?"

Alitoka nje na mkono wa simu kifuani, uzi wake umechomoka unaburuzika. Aliniona, aliona koleo. Hakunitukana. "Unganisha," aliniambia. "Neno moja tu. Unganisha animalizie." Nikasema siwezi, na akaja mwenyewe kuzishika zile nyaya, na ni Baba Hamisi aliyemkamata mabega, akamvuta, tukamburuza sote wawili mpaka chumba cha nyuma, yeye akitupiga kwa ule mkono wa simu. Hatujamkalisha vizuri, radi ikapiga. Sikumbuki mlio. Nakumbuka harufu, na vumbi la chokaa likishuka juu ya vichwa vyetu, na Baba Hamisi akisoma dua kwa sauti ya mtoto. Mvua ilipokatika tulikuta kisanduku hakipo ukutani, pamebaki doa jeusi, na kifuniko chake Hamisi alikiokota uwanjani kwao. Pazia la dirisha lilikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Baba Hamisi alilitazama lile tundu, akakitazama kiti kilichokuwa kando ya meza, akatoka. Mtaani ikasemwa kwamba yule msichana amekuja kufungua na radi yenyewe imekuja kuchukua chake. Kesi ikaisha hivyo. Wateja wa mawese wakarudi wiki ileile.

Sisi hatukuwa na habari na wateja. Mvua ile iliua na njia ya Tabora, Kigoma yote ikawa haipigi wala haipigiwi, na Mzee Lazaro akawa anashinda juu ya mnara na vijana wake. Nilirudi kwenye chumba changu. Bi Tausi alipika, akauza, akaswali, na hakunisema kwa lolote. Lakini nilikuwa namsikia anatembea sebuleni akijisemea kwa sauti ndogo, anajaribu: "Mwajuma amejifungua. Mwajuma ame..." Hakuwa analimalizia lile lingine. Mkwe yule aliyepiga alikuwa na sauti gani? nikamuuliza siku moja, nikidhani namsaidia. Akasema, "Ya mtu anayelia. Ila wanaume wa Tabora wanalia hata kwa furaha." Tukaachia hapo. Kila treni iliyoingia alikwenda stesheni na kurudi na kanga yake imekunjwa begani, na mimi nilikuwa namwona kutoka mbali kwa mwendo wake kwamba hakuna aliyeshuka.

Aliyeshuka mwishowe alikuwa mdogo wa mkwewe, na walipishana njiani, kijana akaja moja kwa moja nyumbani. Bi Tausi alimkuta mlangoni. Kijana akaanza, "Shikamoo mama. Mwajuma ame..."

Bi Tausi akainua mkono. "Usimalize." Akamkaribisha ndani. Akamletea maji, akamsubiri anywe, akanywa na yeye kikombe kizima. Akakaa kwenye kile kiti. "Haya. Malizia."

"Amejifungua. Mtoto wa kike. Wote wazima."

Hakupiga kigelegele. Kijana akanitazama kama anauliza amekosea nini. Halafu Bi Tausi akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, nikasikia kasha linafunguliwa, akarudi amebeba bafta nyeupe, mpya, haijafuliwa, ya urefu wa sanda ya mtu mzima. Sikuwa nimeiona siku aliyoinunua. Akanitupia pindo.

"Shika upande huo, fundi," alisema. "Tuchane nepi."